Kofia Inayozunguka Kushoto

Siku ya kubadilishana nyuzi ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Meza ndefu katikati ilifunikwa sufu za kila rangi, na wanawake wa kikundi cha kufuma walivutana na kutaniana juu yake: huyu ana uzi wa bluu uliobaki kwenye sweta la mumewe, yule anatafuta mtindo wa blanketi la kichanga, mwingine kaleta sindano za mianzi anataka za chuma. Sheria yao ilikuwa moja tu. Huchukui kitu mezani kabla hujaweka kitu.

Pembeni alisimama mwanamke mmoja mrefu, gauni la maua madogo, nywele kazifunga kwa kitambaa cha manjano. Wenzake walimwita Sindano, na msidhani ni kwa sababu ya kufuma peke yake; ulimi wake ulichoma. Siku za kazi aliuza dawa katika duka la dawa la mtaa wa pili. Leo alikuwa na kitita cha sufu ya zambarau mkononi, akitafuta mtu wa kumshikia ili auzungushe uzi uwe bonge, na kila mtu alikuwa na shughuli zake. Hapo mlangoni akatokea mwanamume wa ovaroli ya kijivu, fundi wa lifti ya jengo lile, kaja kuwaarifu kwamba atazima umeme kidogo.

"Wewe, mikono yako ina kazi?" Sindano akamuuliza.

"Kwa sasa haina."

"Basi inyooshe mbele."

Akainyoosha. Akavishwa kitita viganjani, akabaki amesimama kama mtu anayeporwa, huku Sindano anavuta uzi na kuuzungusha.

"Na pua ikiniwasha?"

"Utavumilia. Si mnasema nyinyi wanaume mnajua kuvumilia?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waliokuwa wakisubiri lifti chini walisubiri sana siku ile. Fundi alipovuliwa uzi mikono ilikuwa imekufa ganzi, lakini alikuwa ameshapata namba ya simu.

Mapenzi hayapigi hodi. Haikupita muda simu ya Sindano ikawa inalia kila mchana wateja wakipungua dukani, naye akiipokea anageukia rafu za dawa ili mwenzake asimwone anavyotabasamu.

"Dawa yangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe leo umekwama kwenye lifti gani?"

"Nimekwama kwako."

"Basi tulia humo humo. Wa kukufungulia ni mimi."

Alimpenda. Tuseme ukweli, alimpenda mpaka akaanza kuogopa. Miaka ya nyuma alikuwa na mchumba, na mchumba yule alikuwa na mwanamke mwingine mtaa huo huo, na mtaa mzima ulijua isipokuwa Sindano. Hakulia hata chozi. Aliapa tu kwamba hatakuwa tena wa mwisho kujua. Mama yake, aliyeishi naye, alikuwa ameacha hata kuuliza habari za ndoa, lakini tangu fundi aanze kufika pale nyumbani, mama alikuwa akifagia uani huku anaimba.

Siku moja, wakiwa wameketi kwenye ngazi za ukumbi, fundi alimwambia kwamba kampuni inafungua tawi mji mwingine na yeye kateuliwa kuwasimamia mafundi wa huko. Hakutaka kwenda peke yake. Alitaka kumleta mjomba wake nyumbani kwa kina Sindano, waseme na mama kwa heshima. Moyo wa Sindano uliruka, lakini ulimi wake nao haukukubali kupitwa.

"Sheria ya meza yetu unaijua. Huchukui kabla hujaweka. Weka kitu cha mkono wako kwanza, ndipo unichukue."

Akacheka, akaendelea kufuma. Kwake ule ulikuwa utani. Mwanamume akamtazama, akasema sawa.

Tangu hapo fundi akawa hapatikani jioni za Jumatano. Mara ana kazi, mara simu imeisha chaji. Halafu siku moja ya baridi akaja dukani amevaa kofia ya sufu, nyeusi, mpya. Sindano akamwuliza kaitoa wapi. Akasema kanunua, macho yakakimbilia dirishani. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu, Sindano akauona utosi wa ile kofia.

Kofia ya sufu hufumwa kuanzia ukingoni, na ikifika juu vitanzi hupunguzwa kidogo kidogo, ikabaki mistari inayozunguka utosini. Kwa wafumaji wote wa kikundi mistari ile ilizunguka kulia. Kwa mmoja tu ilizunguka kushoto, naye ni Shoto, aliyefuma kwa mkono wa kushoto. Shoto alikuwa shoga yake Sindano tangu shuleni, mjane, mcheshi, mwenye vishimo mashavuni. Kofia ya Shoto ungeijua hata ukiiokota barabarani. Na hii ilikuwa inazunguka kushoto.

Sindano hakumwambia fundi kitu. Jioni alimpitia Shoto, akamuuliza kama siku hizi kuna kofia anafuma. Shoto akacheka, akaziba mdomo, akasema ana mwezi hajagusa kofia. Basi. Wawili wamesema uongo, na mmoja kacheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na njia nzima ya kurudi nyumbani Sindano alijirudia neno moja: kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya kubadilishana ilipofika, Shoto akaweka mabonge yake mezani na kumsogelea shoga yake amsalimie. Sindano akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Mezani hapa tunabadilishana nyuzi. Wanaume hatubadilishani."

Hakuna aliyecheka. Shoto akachukua mkoba wake akatoka. Mabonge yake yalibaki pale pale na hakuna aliyethubutu kuyachukua.

Fundi alipiga simu mpaka akachoka. Mwishowe akaja dukani na mfuko wa kaki kwapani, akasimama kwenye foleni kama mgonjwa yeyote. Zamu yake ikafika.

"Nina kitu nataka nikuonyeshe," akasema. "Dakika moja tu."

Sindano akamtazama kama anayetazama ukuta. "Anayefuata."

Akabaki amesimama. Mzee wa nyuma yake akakohoa, akamwomba radhi, akapenya. Fundi akaondoka na mfuko wake, na mwisho wa mwezi akahamia ule mji mwingine. Mama akauliza mara moja tu, akajibiwa kwa mkato, na uimbaji wa uani ukakoma.

Miezi ikaenda. Kikundi kikaendelea kwa kulegalega. Jumamosi moja akaja mwanachama mpya, mwalimu wa chekechea, akaweka mezani kofia aliyofuma ili achukue uzi. Sindano akaigeuza. Mistari ya utosini ilizunguka kushoto.

Akamuuliza kwa ukali kaitoa wapi. Mwalimu akashangaa, akasema kaifuma yeye.

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia ndio wangu, dada. Ila kufuma nilifundishwa na jirani yangu Shoto, nikamwiga anavyofanya. Sasa siwezi tena kufuma kama nyinyi."

Sindano alikaa chini. Yeye, mjuzi wa mikono ya watu, hakuwahi kuwaza kwamba mkono unaweza kurithiwa. Mwanafunzi wa Shoto hufuma kama Shoto.

Hakungoja ukumbi ufungwe. Shoto alimfungulia mlango, hakumkaribisha ndani. "Ndiyo," alisema, "kila Jumatano fundi alikuja kujifunza, hapo sebuleni, mama mkwe wangu akiwapo. Kofia ilikuwa ya kujaribia. Kazi yenyewe ilikuwa shali ya zambarau, aiweke mezani mbele ya kikundi chote siku ile ya kubadilishana, akuombe uchumba. Aliniapisha nisikwambie."

"Mbona hukujitetea?" Sindano akauliza, machozi yakimlenga.

"Shoga, tumekua pamoja. Kama baada ya miaka yote hiyo bado ulihitaji nijitetee kwako, ningejitetea kwa lipi?" Shoto akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Nyumbani alipiga simu amesimama, viatu hajavua.

"Ni mimi," akasema.

"Najua. Namba yako sikuifuta."

Akamweleza yote, kofia na utosi na mwalimu wa chekechea, akaomba radhi bila kujificha nyuma ya utani. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeniamini baada ya kuona kofia nyingine."

"Nimekosa. Nakupenda, fundi wangu. Ukisema nije, kesho nakuja."

"Nilikuja na ile shali dukani kwako, nikasimama kwenye foleni. Ungeniuliza neno moja tu, ningekwambia. Hukuuliza." Akashusha pumzi. "Nimechumbia, dada."

Dada. Sindano akaegemea ukuta. Aliuliza shali iko wapi, hata hakujua kwa nini anauliza.

"Anayo yeye. Aliiona kwangu, akaniuliza nani kanifumia. Nikamwambia nimefuma mwenyewe. Akaniamini."

Mama alikuwa chumba cha pili anakunja nguo. Alikuwa amesikia lile neno fundi, na sasa akaita kwa sauti iliyochangamka, sauti ambayo haikuwa imesikika mle ndani kwa miezi.

"Ni yeye, mwanangu? Anakuja lini?"

"Haji, mama. Anaoa."

Mama akaja na shuka mkononi, nusu imekunjwa, akakaa kando yake. Sindano akamlalia begani akalia kwa sauti, yeye ambaye mara ya kwanza hakulia hata chozi. Mara ile aliachwa. Safari hii ameacha mwenyewe.