Mkono Wenye Saa

Mtaniambia nimeota. Haya, semeni. Lakini jambo hili lilitokea nyumbani kwa mama yangu, Ilomba, mwaka jana, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya inayong'ata masikio. Nilifunga kibanda changu cha vitenge Mwanjelwa, nikaenda kula kwa mama. Mama yangu, Bi Chiku, kiharusi kilikuwa kimeua mkono wake wa kushoto, umebaki unaning'inia tu. Aliyemtunza ni wifi yangu Ruwaida, maana kaka yangu Idrisa yuko Iringa kwenye biashara zake. Binti yao Nusrat, wa miaka saba, ni mashoto. Kalamu kushoto, ufagio kushoto, tonge kushoto. Hapo kwenye tonge ndipo palipokuwa na ugomvi.

Wiki ile kulikuwa na hitima, na mtoto akala kwa kushoto mbele ya wageni. Mama alifedheheka hadi akakosa usingizi. Akamwamuru Ruwaida atoe sandukuni saa ya marehemu baba, amfunge Nusrat mkono wa kushoto. Mkono wenye saa usiguse sahani, akasema.

Nilipoiona saa ile moyo ulinipasuka. Baba yetu, Mzee Abdulkarim, naye alikuwa mashoto, na saa yake aliivaa mkono wa kulia maisha yake yote. Utotoni kila wakati wa kula walimfunga mkono wa kushoto kwa kamba ya katani, mpaka vidole viwili vikapinda visinyooke tena. Aliapa kwamba ndani ya nyumba yake hakuna mtoto atakayefungwa mkono. Mama alikijua kiapo hicho, na siku ile nikamkumbusha. Akanijibu kwamba baba ameshakufa, na sisi tulio hai tuna majirani.

Tukakaa mkekani. Wali, maharage, mboga. Nusrat akawa anahangaika kwa mkono wa kulia, punje zinamwagika mapajani, na mama anamkodolea macho. Ndipo nikaisikia saa inatembea.

Saa ile haikuwa na betri tangu msiba wa baba.

Nikamtazama mtoto. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vinajikunja, taratibu, vyenyewe. Mkanda ulikuwa umezama kwenye nyama. Ruwaida akarukia kifungio, hakikulegea. Akaleta kisu, kikateleza juu ya ngozi kuukuu ya mkanda bila hata kuikwaruza. Vidole vya mtoto vikaanza kuwa vyeusi. Nikavishika. Ya Rabi, vilikuwa baridi kuliko maji ya mtungini.

Na mtoto halii. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Ameinamisha kichwa pembeni, anasikiliza. Kisha akanong'ona, "Babu anasema aliyeamuru ndiye afungue."

Mama akageuza uso. Akaanza kubabaika kwamba ni utoto huo, kwamba mkanda umelowa maji. Kiburi kilimshika. Ruwaida, ambaye hajawahi kumpandishia mkwe wake sauti, akaanguka akamshika miguu.

"Mama, mwanangu ataukosa mkono."

Mama akanyoosha mkono wake wa kulia. Ukakawia njiani. Alipokigusa tu kifungio, mkanda ukaachia, saa ikadondoka kwenye wali. Ndipo Nusrat akalia, kilio cha mtoto wa kawaida, na mimi nikalia naye kwa furaha. Damu ikarudi vidoleni.

Saa tukairudisha sandukuni, tukapiga kufuli, ufunguo Ruwaida akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Nikalala hapohapo, ningeondokaje?

Asubuhi nilimpelekea mama chai. Nikamkuta amekaa kitandani, macho wazi, hasemi. Saa ilikuwa imefungwa mkono wake wa kulia. Imefungwa vizuri, kwenye lile tundu la ziada ambalo baba alilitoboa kwa msumari kwa sababu kifundo chake kilikuwa chembamba. Na mkono wenyewe ulikuwa umekufa, tangu begani hadi kwenye kucha. Nilikimbilia sanduku. Kufuli limefungwa, na ufunguo bado uko kwenye khanga ya Ruwaida.

Daktari alisema ni kiharusi cha pili. Sikatai. Lakini mtu ambaye mkono wake wa kushoto umekufa anajifungaje saa mkono wa kulia? Jaribu wewe uone. Idrisa alipofika kutoka Iringa aliichukua akaizika pembeni ya kaburi la baba, na alama ya mkanda kwenye mkono wa mama haijafutika hadi leo.

Sasa mama hana mkono wa kulia, hana wa kushoto. Ruwaida akimlisha, anakaza meno. Nikimlisha mimi, hivyohivyo. Anapokea kwa Nusrat tu.

Ijumaa iliyopita nilikaa mlangoni nikawatazama. Mtoto alinawa, akafinyanga tonge kwa mkono wake wa kushoto, akalipeleka. Mama hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama juu ya bega la mtoto, ukutani pasipo na kitu, machozi yanamtiririka, akatikisa kichwa kwamba ameshiba.

Nusrat akainamisha kichwa pembeni kidogo, akasikiliza.

"Fungua, bibi," akanong'ona. "Babu anasema bado."

Mama akafungua mdomo.