Safari ya Kibutale Bila Colette

Siku Ghislain alipomgonga Colette, soko la Likasi lilikuwa limefurika watu na Colette alikuwa amechoka. Msidhani alichoka siku ile tu. Alikuwa amechoka kwa miaka, kwa kupikia wachuuzi na wachimbaji bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, kwa kumtoa baba yake, mzee Mukendi, kitandani na kumweka kitini, na kwa kusikiliza wanaume wanaoahidi. Ghislain, mwalimu wa historia katika shule moja ya mtaa wa Panda, alikuwa akitembea huku anaongea na simu, akaingia moja kwa moja kwenye beseni la sombe. Shati lake jeupe likawa kijani hadi kwenye mkanda.

Colette hakumwonea huruma. Alimwambia sombe ile ilikuwa ya watu wenye njaa, aende mwenyewe akawaeleze. Akaenda kweli, shati likichuruzika, wachimbaji wakamcheka mpaka wakamsogezea kiti. Kesho yake akarudi kula, na siku iliyofuata pia. Haikuchukua muda simu ya Colette ikawa inalia kila jioni, na sauti ya mwalimu ikimwita Mama Sombe, naye akimkataza huku anatabasamu peke yake jikoni.

Katika simu hizo ndipo jina la Kibutale lilipoanza kusikika. Kilikuwa kijiji cha upande wa mama yake Ghislain, mbele ya Kakontwe, ambako matanuru ya udongo ya wayeyusha chuma wa zamani yalikuwa bado yamesimama, yanatunzwa na wazee. Ghislain alitaka kupeleka wanafunzi wake wakaone kwamba watu wa huku walijua chuma kabla ya kampuni yoyote. Colette angekwenda kuwapikia. Na wazee, aliongeza siku moja kama mtu anayezungumzia mvua, wangepata kumwona.

Neno hilo lilimnyima Colette usingizi. Yeye alizaliwa mwaka ule ambao watu wenye asili ya Kasai, kama wazazi wake, walifukuzwa Likasi, mama yake akiwa amelala stesheni na mabunda, anangoja treni. Baadaye walirudi Likasi, lakini baba yake hakuacha kusema kwamba watu wa hapa watakula chakula chako, mtoto wao hawakupi. Colette alitaka kitu kimoja tu: kushikwa mkono mchana kweupe, mbele ya watu hao, na kusikia huyu ni wangu.

Safari iliahirishwa kwa sababu mvua ilikata barabara. Ikaahirishwa tena, lori likiwa bovu, halafu ikaja mitihani. Kila mara Colette alikirudisha sandukuni kikwembe chake kipya, kitenge cha zambarau. Hatimaye siku ikapangwa, na ndipo Josée, mwalimu mwenzake Ghislain, alipomwambia akiwa anakula, bila ubaya wowote, kwamba mpishi mwingine, Mama Christiane, ndiye atakayepika huko. Ghislain mwenyewe ndiye aliyemwomba.

Colette akapiga simu papo hapo.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, chérie. Lakini haina vile unawaza."

"Basi ni vile gani?"

Ghislain akasema atamweleza akisharudi. Colette akakata simu, akasugua masufuria ambayo yalikuwa safi tayari. Tangu hapo mwalimu alipokuja kula alihudumiwa kama mteja yeyote na kuitwa monsieur. Mzee Mukendi alipopata habari hakujisifu kwamba alikwisha kusema. Aliomba chai tu, na hilo lilimuuma Colette kuliko maneno.

Alasiri moja kabla ya safari, Ghislain alifika nyumbani kwao, huko huko Panda, kavaa koti lake la Jumapili, akamwamkia Papa Mukendi kwa adabu, akabaki amesimama. Alieleza kwa shida yote ambayo yeye mwenyewe aliambiwa na wazee wakati safari inaahirishwa. Tanuru la Kibutale limefinyangwa likiwa na matiti, na wazee huliita bibi ya fundi, yaani mke wa myeyusha chuma. Anayeongoza watu kwenda huko huingia kama fundi, kwa hiyo mwanamke wake humwacha nyumbani, maana wake wawili hawakutanishwi.

"Juu ya nini haukuniambia?" Colette aliuliza.

"Nilisikia haya. Weye uko muntu ya kanisa. Ningesema nini, kama tanuru iko na wivu?"

Mzee Mukendi akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia kwa muda mrefu.

"Nkambo, muzee wetu ya Kibutale, aliniambia nikulete tu," Ghislain aliendelea, "niseme uko mupishi. Nilikatala."

"Lakini minye niko mupishi."

"Haina pale. Pale siwezi kusema weye ni mupishi."

Colette akakaa chini. Hasira ilimtoka, uchovu ukabaki. Alimwambia kwamba wazazi wake walifukuzwa bila mtu kuwaambia sababu, na kwamba hatavumilia tena kuachwa nyuma bila neno. Ghislain akaomba msamaha mbele ya mzee Mukendi, bila kujitetea.

Kisha akatoa la mwisho. Mlangoni mwa kijiji wazee humuuliza kiongozi, kila mtu akisikia, mke wake amemwacha wapi. Asiye na jibu hukaa nje. Yeye hana jibu, basi wanafunzi wangeingia na mwalimu mwingine mwenye mke.

Colette alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anachunguza kikombe chake.

"Utasema umemuacha Panda," Colette alisema polepole, "kwa baba yake. Bakiuliza jina, ni Mbombo Colette, mutoto ya Mukendi. Useme kwa nguvu, bote basikie."

Ghislain akauliza: "Ni ya kweli, ao ni ya kusema tu kule?"

"Nimechoka na mambo ya kusema tu, Ghislain. Ukirudia kutoka Kibutale, ulete bakubwa benu hapa kwa Papa."

Mzee Mukendi akaweka kikombe chini, akasema waje Jumamosi, kwa maana siku nyingine huwa amechoka.