Kifuniko cha Vijiwe

Katika nyumba ile chakula cha jioni kilipikwa kila siku, na kilipikwa na watu wengi kuliko waliohitajika. Mama aliamini kwamba mtoto anayeweza kushika kijiko anaweza pia kushika kazi. Kwa hiyo jua lilipoanza kupoa, jiko lilijaa miguu midogo. Kibonge, kitinda mimba wa miaka mitatu, alipeleka vijiko mezani kimoja kimoja, na kila alipokifikisha kimoja alirudi kutangaza: "Kimefika!" Kaka yao mkubwa, mwanafunzi wa darasa la sita, alimenya viazi na kukata vitunguu. Walimwita Injinia kwa sababu hapakuwa na kitu nyumbani ambacho hakuwahi kukifungua, na vingine mpaka leo havijafungika.

Kazi ya mchele ilikuwa ya Macho. Macho alikuwa binti wa miaka sita. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, sinia mapajani, akizisogeza punje kwa ncha ya kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mchele wa duka la pale kona ulikuwa mtamu, ila ulikuja na vijiwe vyake. Vingine vilikuwa vyeusi, hivyo havikumsumbua mtu. Vingine vilikuwa vyeupe kama mchele wenyewe, na hivyo ndivyo vilivyompa jina lake. Kila alichokipata alikitia kwenye kifuniko cha chupa ya soda, na chakula kilipoiva alikiweka kifuniko hicho kando ya sahani ya Baba.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi. Kabla ya kugusa wali alikivuta kifuniko, akahesabu vijiwe, akasimama na kupiga saluti.

"Mama, leo umeyaokoa meno yangu mara nne," alimwambia Macho. "Na mpiga tarumbeta asiye na meno ni nani?"

"Mpuliza moto!" watoto walijibu kwa pamoja, na hapo ndipo watu walipoanza kula.

Mama alikuwa mfuaji wa nguo hospitalini. Mwezi ule zamu yake ilibadilishwa, akawa anarudi wakati wa kula umefika. Alimkalisha Injinia chini wakazungumza.

"Jiko nakuachia wewe, baba. Fundi cherehani wa mlango wa pili atakuwa akichungulia mambo ya gesi. Ila wadogo zako usiwaache nje ya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Sawa, Mama," alisema Injinia, na alimaanisha.

Siku za mwanzo alitimiza ahadi, na siku hizo zilikuwa ndefu. Kibonge alikiangusha kijiko kwenye ndoo, akataka kwanza kioshwe, kisha kipanguswe, kisha kiombwe radhi. Macho aliuacha mchele akauliza kama punje iliyovunjika ni mtoto wa punje nzima au ni mgonjwa. Mama alipofungua mlango alikuta sufuria bado inatokota na sakafu imejaa maganda. Alifunga kitenge kiunoni akaingia kusaidia. Injinia aliona aibu, kwani alitaka mama yake aingie nyumbani, akae na ale.

Jioni moja akapata njia. Aliwakalisha wadogo zake kwenye kochi la sebuleni, akawawashia katuni, akarudi jikoni na kufunga mlango. Siku hiyo ilikuwa zamu ya viazi na kabichi. Alifanya kazi peke yake, kimyakimya, na kila kitu kilikwenda haraka. Mama alipofika alikuta meza imeandaliwa na sakafu imekauka.

"Jamani! Leo nimeingia nyumba ya nani?" Mama aliuliza, akavua viatu akacheka. Cheko hilo lilimwingia Injinia vizuri sana. Alilala akiwaza namna ya kulipata tena.

Kesho yake ilikuwa zamu ya wali. Alifunga mlango kama jana. Baada ya muda kidogo ulisikika mgongo wa kidole ukigonga.

"Kaka, sinia langu?" Macho aliuliza kutoka upande wa pili.

"Leo pumzika. Nenda, katuni hazijaisha."

"Na vijiwe?"

"Nitaviona mwenyewe."

Aliuosha mchele mpaka maji yakawa safi. Aliinamisha bakuli kwenye mwanga akaona weupe mtupu, akaridhika, akaumimina katika maji yaliyochemka.

Baba alirudi na njaa kutoka mazoezini. Jumamosi bendi yao ingepiga kwenye mahafali ya chuo, na mwongoza bendi alikuwa amempa Baba kipande cha kupiga peke yake, cha kwanza tangu ajiunge nao. Mwezi mzima nyumba nzima ilikuwa imekisikia kipande hicho kupitia ukutani, hata Kibonge alikipiga kwa mdomo bafuni. Baba alikaa, akasema ana njaa ya simba, akaanza kula bila kuangalia kando ya sahani. Kifuniko kilikuwa bado juu ya rafu.

Mlio ulisikika mpaka upande wa pili wa meza. Baba aliinama akatema kwenye kiganja. Palikuwa na wali, kijiwe cheupe, na kipande cha gego.

Mama aliinuka. "Nani amechambua mchele huu?"

Injinia alikuwa na muda wa kusema lolote. Akasema, "Mama, si unajua? Anayechambua mchele siku zote ni Macho."

Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimtoka bila kukwama. Watu wote wakamgeukia Macho, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa.

"Katuni!" alisema Kibonge kwa sauti kubwa. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Kibonge alilisema neno hilo kutwa nzima.

"Lakini mimi si—" alianza Macho. Baba alikuwa akiugulia maumivu, mkono shavuni. Mama alikimbilia jikoni kupasha maji ya chumvi, na sentensi ya Macho ikabaki hapo hapo.

Baba alipotulia, Mama alimvuta binti yake karibu. Aliongea kwa upole.

"Hukufanya makusudi, mwanangu. Kosa ni langu, nilikupa kazi iliyozidi umri wako. Wewe pumzika kwanza, kaka yako atachambua."

"Lakini, Mama—"

"Hakuna anayekugombeza, mama. Yamekwisha."

Alikichukua kifuniko akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto wa miaka sita hafiki hata akipanda kigoda.

Daktari wa meno aling'oa gego, akamwambia Baba asipulize kitu chochote mpaka kidonda kipone. Jumamosi mahafali yalifanyika, na kipande chake kilipigwa na mtu mwingine. Baba alishinda amekaa kwenye ngazi ya mlango, shavu limevimba upande mmoja, akiisugua kwa kitambaa tarumbeta isiyokuwa na vumbi.

Injinia alimwona. Kila alipopita mlangoni alijiambia kwamba hakusema uongo, na maneno yake aliyakumbuka moja baada ya jingine. Yalikuwa ya kweli bado. Lakini alimwogopa baba yake ambaye hata hakuwa amekasirika.

Mambo mengine yalibadilika pale mezani. Macho aliacha kula wali. Aliutandaza kwenye sahani, akausogeza punje kwa punje mpaka ukapoa, kisha akausukuma kando. Baba, aliyekuwa akila supu tu, alipoinua kijiko alizuiwa.

"Ngoja, Baba. Acha niangalie kwanza."

"Ni supu, mama. Haina mawe."

"Niangalie tu."

Jioni hiyo ya Jumamosi Injinia alikuwa akiosha vyombo, Macho akivipangusa. Macho alikipangusa kikombe kimoja kwa muda mrefu.

"Kaka, siku ile nilichambua?"

Injinia alisugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kung'aa. "Labda ulisahau."

"Kwani mtu anaweza kufanya kitu akasahau kwamba amekifanya?"

"Anaweza."

Macho aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyepewa jibu na mwalimu, akakirudisha kikombe mahali pake. Sasa Injinia hakuwa tena na la kujitetea. Hilo alilosema lilikuwa uongo wa wazi, na aliyeambiwa aliuamini.

Jumapili familia nzima ilikuwa nyumbani. Injinia alikuwa amesimama na upawa, akigawa supu, Macho alipoteremka kwenye kiti chake. Alizunguka meza mpaka kwa Baba, akasimama wima na mikono nyuma.

"Baba, nisamehe. Nilichambua vibaya, halafu nikasahau kama nilichambua. Macho yangu si mazuri. Naomba uniite jina jingine."

Baba aliweka kijiko chini. "Jina gani tena, mama?"

"Lolote tu."

Hakulia. Kama angelia, pengine Injinia angevumilia, kwa maana watoto hulia kila siku. Lakini alisimama pale akingoja apewe jina, na Injinia akashindwa.

"Jina ni lake!" alisema, na supu ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. "Hakuchambua! Hakuligusa hata sinia. Niliwawashia katuni nikafunga mlango, nikauosha mchele nikaupika hivyo hivyo. Jana aliniuliza, nikamwambia amesahau. Hajasahau kitu. Ni mimi."

"Katuni," alithibitisha Kibonge.

Mama alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimchuchumalia Macho, akamshika mabega.

"Ulitaka kuniambia siku ile, nikakukatiza. Mara mbili. Nilikuonea huruma badala ya kukusikiliza. Nisamehe, mwanangu."

Baba alimgeukia Injinia. Shavu lilimfanya aongee kwa upande mmoja wa mdomo, lakini hakuna aliyecheka.

"Siku ile ulisemaje? Hebu rudia."

"Nilisema... anayechambua mchele siku zote ni Macho."

"Maneno hayo ni ya kweli?"

"Ya kweli, Baba."

"Na ulitaka sisi tuamini nini?"

Injinia aliutazama upawa. "Uongo."

"Basi huo ni uongo, hata ukiuvalisha sare ya shule. Sikiliza, mwanangu. Gego langu daktari alilitoa akalitupa, basi. Mahafali yatakuja mengine. Lakini mdogo wako umemfanya asiyaamini macho yake mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko jino."

"Nilitaka Mama akirudi akute kila kitu tayari," alisema Injinia. Machozi yaliyokuwa yakingoja tangu jino lilipovunjika yakatoka yote.

"Nilijua, na nilifurahi," alisema Mama. "Lakini chakula cha kuwahi ningeweza kukipika peke yangu miaka yote hii, na jiko langu lingekuwa safi. Wadogo zako siwaiti jikoni ili kazi iende haraka. Nawaita ili waijue kazi, na wajue kwamba wanahitajika hapa. Ukikosea, sema umekosea wakati kosa bado ni dogo. Lile la kwanza lilikuwa mchele tu."

Kisha alinyoosha mkono juu ya kabati, akakishusha kifuniko, akampa Macho.

"Kesho sinia linarudi kwa Macho," alisema Baba. "Na wewe Injinia utakaa chini yake ujifunze."

Kesho yake chakula kilichelewa. Mama alirudi akakuta maganda sakafuni na vijiko viwili tu mezani, vingine vikiwa bado njiani. Injinia alikuwa ameketi chini, karibu na kigoda. Alikuwa wa kwanza kuuchambua mchele, akiurudia mara mbili, akasema amemaliza. Macho alilipokea sinia mapajani, akaanza upya kutoka ukingoni. Karibu na mwisho alisimamisha kidole.

"Hiki je?"

Injinia aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa punje. Ndipo akakiona, cheupe, kidogo, katikati ya weupe.

"Kilinipita," alikiri.

"Hivi vyeupe hupita," alisema Macho, akakitia kwenye kifuniko.

Baba hakuwa ameruhusiwa kula wali bado, lakini kifuniko kiliwekwa kando ya bakuli lake la supu. Alihesabu vijiwe, akasimama akapiga saluti, kisha akauliza kama kawaida yake, "Na mpiga tarumbeta asiye na meno ni nani?"

Kibonge peke yake alijibu. Injinia alitazama chini, na Macho alikuwa akifikiri.

"Lakini wewe unayo mengine, Baba," alisema hatimaye. "Fungua mdomo niyahesabu."

Baba aliinama akafungua mdomo. Macho alianza kuhesabu jino moja moja, kwa ncha ya kidole, bila haraka, na wali ukapoa mezani, na hakuna aliyemharakisha.