Kifuatawazo na Pacha wa Bibi Mbuke

Vikombe viwili vya udongo vilikuwa mezani, vimetoka mashine moja, jicho halivitengi. Dk. Nyamizi alikuwa amenywea chai kimoja, akakitia alama chini ya kitako, akaviosha na kuvichanganya mpaka mwenyewe akapotea. Sasa alivaa kofia ya nyuzi, akakiwaza kile alichonywea. Mshale wa nuru ya kijani ukatoka mtamboni, ukatua juu ya kimoja. Akakigeuza. Ndicho.

Mtambo huo uliitwa kifuatawazo. Haukujali unajua nini kuhusu kitu, wala kama umekosea rangi yake. Ulifuata njia inayounganisha wazo na kitu chenyewe, tangu siku mlipokutana. Wanafalsafa walibishana juu ya njia hiyo tangu kale. Shinyanga ya wakati huo ikaitafutia waya.

Asubuhi hiyo alikuja Doto, fundi wa reli ya angani, mtu wa mvi, na mama yake, Bibi Mbuke, aliyekuwa akisahau mambo. Kulwa, pacha wake Doto, alikufa kabla hawajatambaa. Siku hizi mama alimwita Doto kwa jina la marehemu.

"Akiniangalia, daktari, ananiwaza mimi au yule?" Doto aliuliza. "Maana ninayemwogesha ni mimi."

Bibi akavalishwa kofia. "Inatekenya kama chawa. Mnatafuta nini humo? Panya wameshakula."

"Mayu," Nyamizi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "mfikirie Kulwa."

Mshale ukatua kifuani pa Doto, ukatulia. Doto akashusha pumzi.

"Sasa mfikirie Doto."

Mshale ukahama, ukapenya ukuta. Ramani kwenye kioo cha mtambo ikaonyesha kijiji chao, penye kaburi dogo. Nyamizi akarudia; ikawa vilevile.

"Mama," Doto aliuliza, "aliyekufa ni nani?"

"Doto. Mimi nilikuwa hoi kwa homa. Wifi yangu akaja akazika, hawezi kuwatofautisha, akatangaza kafa Kulwa. Nilipoinuka nikasema wamekosea jina, wakaniambia uchungu umenipanda kichwani. Na mkamwana utambishia wifi mkubwa?" Akacheka. "Sasa naye kafa. Namwogopa nani?"

Fundi akakaa. Tangu utoto, kila mlo, alitenga tonge la kwanza akilitaja jina la Kulwa. Ndivyo alivyofundishwa pacha aliyebaki.

"Nimemlilia nani basi?"

Nyamizi hakubishana naye. Akamvalisha kofia. "Mfikirie uliyekuwa ukimtengea."

Mshale ukavuka ukuta, ukaenda kulekule kaburini.

"Jina ulikosea," alisema Nyamizi. "Mtu hukumkosea. Mlikutana tumboni."

Bibi alikuwa ameshafungua kifurushi cha matobolwa, viazi vyao vya kuchemshwa na kukaushwa. Akampa mwanawe kipande.

"Kula, Kulwa. Umtengee na mwenzio."

Mwanawe akamega, akatenga. Mkono ulijua kazi yake. Mdomo, uliozoea kutaja jina hapo, ukabaki wazi.