Kata ya Birikani

Alamin alikutwa amekufa kifudifudi kwenye miamba ya Msambweni, maji yakiwa yamekupwa.

"Alikwenda kuogelea alfajiri," alisema mdogo wake, Swabir. "Bahari haina mwenyewe, afande."

Inspekta Maweu aliinama. Shati la marehemu lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nani huogelea hivyo?

Nyumbani, mama yao kipofu, Bi Mwanarusi, alitaka mazishi kabla ya alasiri.

"Shikamoo, mama," alisema Maweu. "Atazikwa leo. Daktari atatoa kipande cha mfupa wa paja tu."

"Marahaba. Na hicho kipande nitakizika lini?"



Baada ya wiki tatu, Daktari Kaindi alipiga simu kutoka maabara ya Nairobi.

"Anayezama huvuta maji yenye vijimwani visivyoonekana kwa macho. Maganda yake, magumu kama kioo, hufika hadi ndani ya uboho wa mifupa. Nimeyapiga picha kwa darubini ya elektroni. Yana matundu. Kutoka tundu hadi tundu ni nanometa mia mbili na arobaini."

"Nieleze kama mtu wa soko, daktari."

"Igawe milimita mara milioni, kisha uchukue mia mbili na arobaini. Vijimwani vya pale miambani havina vipimo hivyo. Huyu alizama katika maji baridi, si ya chumvi."

Uani kwa Bi Mwanarusi palikuwa na birika la kutilia udhu. Swabir alikuwa amelisugua likawa jeupe siku ya mazishi. Lakini ukutani ilining'inia kata, kifuu chenye mpini, ndani yake utando wa kijani wa miaka. Maweu aliitia katika mfuko wa ushahidi, ikaenda Nairobi.

Jibu lilirudi: mia mbili na arobaini.

"Ulisugua birika, Swabir. Ukasahau kata."

"Kata huoshwa na nani, afande? Si imo majini kila siku?"

"Humu mnaishi watatu. Mmoja amekufa, mmoja haoni. Sema."

Swabir aliketi chini.

"Alikwenda kwa akina Fauzia akawaambia nina kifafa. Posa yangu ikarudishwa. Nikamwambia, hujui kukosa pumzi kukoje. Nikamshika kichwa nikakizamisha, ajue. Nikachelewa kumtoa. Nikambeba hadi ufukweni kabla ya adhana."

Pingu zilifungwa. Kutoka chumbani Bi Mwanarusi aliita:

"Swabir! Adhuhuri imeingia. Nichotee maji, mwanangu."

Maweu alitafuta kata ukutani. Alikuta msumari mtupu.