Maua Yaliyofunikwa Kisaju

Jumamosi asubuhi soko la Kitengela halina pa kukanyaga. Mwelu alikuwa akinyunyizia sukuma wiki zake maji, kijana mrefu mwenye koti la jinzi alipoinama mbele ya meza na kuokota majani ambayo Mwelu alikuwa ameyatupa.

"Sopa, mrembo," alimsalimu kwa Kimaasai. "Haya yenye madoa ya njano unauza?"

"Hayo ni ya mbuzi."

"Basi leo mimi ndiye mbuzi wako."

Mwelu akacheka bila kutaka. Kijana huyo, Koinet, alikuwa mtafiti wa mboga. Shambani kwake Kisaju alitafuta sukuma isiyoshikwa na ule ugonjwa unaofanya mishipa ya jani kuwa nyeusi na kuozesha shamba zima. Jumamosi iliyofuata alirudi. Kufikia mvua za Aprili alikuwa akimpigia simu kila jioni.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Sukuma. Kwani niko na nini kingine?"

Siku moja Mwelu alivaa gauni lake la kitenge cha zambarau, akaenda Kisaju bila kumwambia. Akamkuta na msichana mwembamba, nywele zimesukwa hadi kiunoni. Msichana alikuwa amemshika mkono ili brashi ndogo aliyoishika isitetemeke, vichwa vyao vimekaribiana juu ya ua moja, wakicheka.

"Huyu ni Naliaka, tunafanya kazi pamoja," Koinet alisema. "Sukuma hii ya Loitokitok haishikwi na ugonjwa, lakini ni chungu. Tunapaka chavua yake kwenye maua ya ile tamu. Tunataka watoto warithi nguvu za baba na utamu wa mama. Kisha tunafunika ua na kifuko, nyuki asilete chavua nyingine."

Mwelu alisikia baba, mama na watoto tu. Akageuka, akaondoka bila kuaga.

Jioni simu ilipolia, alijibu, "Muulize Naliaka amekula nini," akakata.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alirudi shambani akaanza kurarua vifuko. Alipomaliza safu ya pili, nyuki walikuwa wamejaa kwenye ya kwanza. Akaelewa alichoharibu. Akaketi kwenye udongo, akampigia.

"Koinet, nimefungua maua yako. Ni wivu."

Koinet alikuja na pikipiki, akapita safu zote bila kumtazama.

"Mbegu za hapa sasa hakuna atakayejua baba yao," alisema. "Kazi ya mwaka mzima, Mwelu."

"Najua. Nifukuze."

Koinet aliokota kifuko kilichoraruka. Kisha akaketi, mbali naye kidogo. "Ungeweza kutoroka, na nisingejua ni wewe. Tutaanza upya. Lakini Naliaka atakuwa hapa kila siku. Utaweza?"

Mwelu angeweza kudanganya. "Sijui. Wivu nitauona bado. Ila nitakuambia kwa mdomo, sitaharibu kitu tena."

Koinet akasogea karibu. "Hiyo inanitosha. Nataka kwenda kumwona baba yako."

"Utaenda," Mwelu alisema, akisimama na kupangusa gauni. "Kwanza nipeleke kwa Naliaka. Kazi ilikuwa yake pia."