Siku Mwamvita Aliposhindwa Mdahalo

Kila asubuhi, kabla ya mchakamchaka, Mwamvita na Ngollo walichota maji ya bustani ya shule, katika kijiji chao cha Ujamaa karibu na Kwihara. Mwamvita alikuwa amehamia hapo na wazazi wake kutoka Ng'ambo, Tabora mjini. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na tangu mama yake alipougua, ulizidi ukali.

Ijumaa moja Mwalimu Sylvester aliandika ubaoni mada ya mdahalo: "Kumwamini Mungu ni asili ya binadamu." Mwamvita aliitetea.

"Binadamu yeyote, popote alipo, moyo wake unamjua Muumba," alisema kwa madaha.

Anselm, mpinzani wake, akasimama. "Si moyo, ni malezi. Wewe ulifundishwa chuo cha Kurani, mimi kanisani. Ungezaliwa kwetu, Jumapili ungekwenda misa."

Ngollo akanyoosha mkono kumsaidia rafiki yake.

"Bibi yangu hakusoma Kurani wala katekisimu. Lakini kila alfajiri hunyunyiza maji ya unga mlangoni, akamwomba Liwelelo, aliyeumba vyote. Wazee wetu walimwomba kabla msikiti na kanisa havijafika huku."

Baadhi ya wanafunzi wakacheka. Mwamvita akaona haya kuwekwa fungu moja na bibi yule.

"Mwalimu, bibi huyo anaabudu uji!" akasema.

Darasa zima likaangua kicheko. Ngollo akaketi, machozi yakimlengalenga. Mwalimu alikemea, lakini neno lilikwisha toka. Upande wa Mwamvita ukashindwa.

Jumatatu Ngollo hakuja shule, wala Jumanne. Mwamvita alichota maji peke yake, roho ikimsuta. Jumatano akaamka mapema, akaenda kwa kina Ngollo. Alimkuta bibi mlangoni ameshika kibuyu, ameelekea jua linakochomoza, akiomba kwa Kinyamwezi. Mwamvita hakuyaelewa maneno yale, ila jina moja lilimshtua: Batuli. Lilikuwa jina la mama yake.

"Anamwombea mama yako apone," Ngollo alimwambia kwa sauti ndogo. "Anafanya hivyo tangu alipougua. Sikumwambia ulichosema."

Mwamvita akapiga magoti. "Shikamoo, bibi. Nisamehe. Nilikucheka mbele ya darasa."

Bibi akaweka kibuyu chini. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema, akamwinua. "Ngollo, vaa sare. Nendeni shule."

Jioni Mwamvita alimweleza mama yake yote, akilia. Batuli akajiinua kitandani kwa shida.

"Swali la Anselm ni zito, mwanangu. Hata watu wazima hubishania hilo, na halijibiwi kwa dhihaka. Wewe ulisema kila binadamu anamjua Mungu, halafu wa kwanza kujitokeza ukamfukuza. Dini yako ishike, lakini usimdharau mwenzako anapomwita Muumba wake."

"Nimekosa, mama."

"Basi kesho pitia tena kwa bibi yake Ngollo. Mwambie ile dua yake, nami nimeiitikia amina."